Jinsi ya Kuacha Kupasha Moto Vilima vya Kilungu

Wako watu Nairobi ambao ukiwaambia Ukambani kuna baridi watacheka mpaka watokwe na machozi. Kwao Kitui na Makueni ni jua, vumbi na maembe. Waje Nunguni, kwenye vilima vya Kilungu, mwezi wa Julai, alfajiri, ukungu umemeza barabara na manyunyu yanapiga mabati. Hata Kibwezi, ambako ni chini ya mita 1,000, mchana unatafuta kivuli na usiku unatafuta blanketi la pili.

Tangu Juni hadi Agosti ndipo pesa za nyumba huvuja: makaa yanaongezwa, tokeni zinaisha kabla ya wiki, mtungi wa gesi unapigwa makofi ili utoe kilichobaki. Mwongozo huu ni wa mwenye nyumba anayetaka kulala na joto bila kukopa. Na kwa kuwa tunapendana, penye upuuzi tutauita upuuzi.

1. Vika nyumba kabla ya kuwasha chochote

Ingia sebule nyingi za Wote au Mwingi. Kabati la vioo lipo, televisheni kubwa ipo, kila kiti kina kitambaa cha kufuma, na rimoti imevishwa nailoni isiingie vumbi. Inua macho: mabati matupu. Rimoti ina koti, nyumba haina.

Mabati ni membamba na ni chuma. Jua likizama hupoteza joto upesi kuelekea angani, na hewa ya moto iliyo chini yake hupanda, hugusa ubaridi na kupoa. Basi anayewasha hita chini ya mabati matupu anapasha moto vilima vya Kilungu, na vilima havichangii bili.

Hesabu ni fupi. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa tatu kila usiku hula uniti 6. Kwa usiku tano ni uniti 30, na tangu Aprili 2023 hizo ndizo kikomo cha mwezi mzima kwa mteja wa nyumbani anayelipa bei ya chini kabisa. Mwezi ukiisha hita peke yake imekula uniti 180, nawe umeshavuka uniti 100 na kuingia kwenye bei ya juu ya nyumbani. Umelipa zaidi kwa kila uniti, na asubuhi pua bado ni baridi.

Pesa ya kwanza basi iende kwenye dari. Kama plaiwudi ni ghali mwaka huu, anza na chumba cha kulala peke yake. Mikeka, au magunia safi yaliyoshonwa pamoja na kuwambwa vizuri chini ya mapaa, huzuia hewa ya moto isifike kwenye bati. Usifanye hivyo jikoni wala juu ya taa ya mafuta, maana gunia hushika moto haraka.

Kisha tafuta upepo unakopitia. Shika uzi mwepesi karibu na kizingiti cha mlango, pembeni mwa dirisha na pale ukuta unapokutana na paa. Uzi ukicheza, umepata tundu. Chini ya mlango weka kitambaa kilichojazwa mchanga, kwenye nyufa za matofali kandika udongo. Acha tundu dogo la hewa juu, kwa sababu waliolala ndani wanapumua.

2. Jua umepewa bure, lichukue

Hakuna mtu wa Kitui anayeweza kulalamika kwamba hajaletewa jua. Hata siku za mawingu, mara nyingi mchana hufunguka. Saa nne asubuhi fungua mapazia na madirisha ya upande wenye jua, toa magodoro na mablanketi nje. Kitambaa chenye unyevu huunyonya mwili joto, na blanketi moja kavu lina faida kuliko mawili yaliyoshika ukungu. Saa kumi jioni, kabla ubaridi haujashuka, rudisha kila kitu na ufunge. Wengi hufunga saa mbili usiku, wakati wanachofungia ndani ni baridi.

Maji nayo ni hivyo hivyo. Mtungi mweusi wa plastiki ukiachwa juani tangu asubuhi, mahali pasipo na upepo, jioni una maji ya kuogea watoto au angalau ya kuanzia, na moto utakaohitaji kuyamalizia ni mdogo. Oga jioni. Anayesisitiza kuoga alfajiri kwa maji ya hita ya bafuni ya wati 5,000 hutumia karibu uniti nzima kwa dakika kumi na mbili, na nusu ya dakika hizo amesimama akifikiria maisha.

3. Makaa hayalali na watu

Hapa hatucheki. Kila msimu wa baridi Kenya husikia habari ya familia iliyoingiza jiko chumbani, ikafunga mlango na haikuamka. Makaa yanayowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu husikia kichwa kinauma, anakuwa mzito, anadhani ni usingizi. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya watu wengi.

Jiko libaki nje au jikoni penye hewa. Chumbani peleka joto lenyewe: chupa imara ya maji ya moto iliyofungwa sawasawa na kuviringishwa leso, miguuni mwa nyanya na mtoto. Mtungi ule wa kuotea jua unaweza kuingia ndani jioni ukiwa na vuguvugu lake.

4. Acha isyo ijiivishe

Bili kubwa ya nyumba nyingi za Makueni na Kitui iko chini ya sufuria. Isyo, yaani mahindi na maharagwe, na muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, hukaa motoni nusu siku, na mpishi anachochea kana kwamba makaa yanaota uani. Chakula hakihitaji moto muda wote huo. Kinahitaji joto lisilokimbia.

Chukua kiondo kikubwa. Tandika ndani vipande vya godoro chakavu au mablanketi makuukuu, chini na pembeni, unene wa kiganja. Shona mto wa kufunika juu. Loweka maharagwe na muthokoi usiku kucha. Kesho yake chemsha kwa nguvu nusu saa, sufuria ikiwa imejaa vizuri, kisha iweke ndani ya kiondo na mfuniko wake, gandamiza mto, uende shambani. Baada ya saa nne hivi irudishe motoni ichemke tena na umalizie. Maharagwe mekundu lazima yachemke kweli kweli mwanzoni, angalau dakika kumi, kwa sababu yana sumu ambayo uvuguvugu hauiondoi.

Kwa ule moto wa kwanza tumia jiko lenye udongo ndani, lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Udongo hushikilia joto, na hupunguza makaa kwa theluthi hivi, pengine hata nusu, ukilinganisha na jiko la bati tupu. Siku ya haraka, pika ndengu zilizolowekwa. Kitui inajulikana kwa ndengu, na hazipendi kuhangaisha mtu.

5. Ijue bei kamili ya gunia la makaa

Januari 2018 Gavana wa Kitui wa wakati huo, Charity Ngilu, alipiga marufuku biashara ya makaa na mchanga kutoka kaunti hiyo. Lori la makaa lilichomwa, na wafanyabiashara wakaandamana Limuru. Februari mwaka huo huo serikali ya kitaifa ilisimamisha ukataji miti msituni, na zuio likadumu hadi 2023. Makaa yakaendelea kuuzwa, kwa sababu lori hufuata mnunuzi, na mnunuzi ni sisi.

Katika tanuri la udongo la kawaida, kilo moja ya makaa hula kilo tano hadi kumi za kuni. Hivyo gunia moja unalochoma ili kuota mikono lilikuwa mti mkubwa, pengine zaidi ya mmoja, katika nchi ambayo mvua zake tunazihesabu. Wala tusimtukane mchomaji: mara nyingi ni mtu ambaye mahindi yake yalikauka mvua ya Oktoba hadi Desemba ilipokosa. Anayeweza kupunguza moto bila kulala njaa ni mnunuzi.

6. Panda ukuta

Upepo wa msimu wa baridi hutoka kusini-mashariki. Panda miembe upande huo wa nyumba, mbali kidogo na msingi. Haipukutishi majani yote, itavunja upepo wa Julai na kukulipa maembe. Mpakani mwa shamba weka mukau, mti wa hapa hapa unaovumilia ukame. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, imeanzisha mashamba ya mbegu zake bora Tiva na Kibwezi. Matawi unayopogoa ni kuni, na shina linangoja kuwa mbao.

Mpangilio wa matumizi

Shilingi ya kwanza iende kwenye dari na nyufa, ya pili kwenye jiko la udongo na kiondo, ya tatu kwenye blanketi, ya nne kwenye miche. Hita iwe ya mwisho, kwa mgonjwa, mzee au mtoto mchanga, tena katika chumba kilichokwisha kuvikwa. Anza Aprili au Mei, fundi akiwa hana kazi nyingi na nyanya hajaanza kukohoa.