Namna ya Kuchambua Matusi ya Kampeni: Mwongozo kwa Mpiga Kura wa Kiboriloni

Kampeni ya urais ikifika Moshi, haiishii mjini. Itafika Kiboriloni tu, kwa sababu soko liko kando ya barabara ya Himo na anayekwenda Marangu, Mwika au Rombo anapita hapa. Gari la matangazo litasimama, spika zitafunguliwa, vijana watagawiwa kofia na fulana. Kisha, kabla hujasikia lolote kuhusu bei ya kahawa, utakuwa umeshaambiwa kwamba yule mgombea mwingine ni mgonjwa, kibaraka, mwizi, na kwamba kabila lake halifai kupewa nchi.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliyesimama pale juani. Utaalamu unaohitajika unao tayari, kwani Kiboriloni imelelewa na mitumba. Belo likifunguliwa, mnunuzi anainua nguo, anaigeuza ndani nje, anakagua kwapa na mshono, na iliyochoka anaitupa pembeni hata kama rangi yake inang'aa. Maneno ya jukwaani yapitishe kwenye mkono huohuo.

Hatua ya kwanza: Jua tusi limetumwa kazi gani

Usidhani msemaji amepandwa na hasira. Mtu mwenye washauri, msafara na wasanii watatu nyuma yake hatukani kwa bahati mbaya. Tusi lina kazi, na kazi yake kubwa ni kukalia kiti cha hoja.

Kumbuka Agosti 23, 2015, viwanja vya Jangwani, CCM inazindua kampeni. Rais mstaafu Benjamin Mkapa, msomi na mwanadiplomasia aliyeheshimika Afrika nzima, aliwaita wapinzani waliodai kuleta ukombozi "wapumbavu" na "malofa". Neno likashika moto. Likajadiliwa vijiweni, likachekwa, likajibiwa kwa matusi mengine. Mwaka huohuo kura ya maoni ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa kufanyika Aprili 30, ilikuwa imeahirishwa. Hilo ndilo lilikuwa swali la kumbana kila mgombea: itapigwa lini? Lakini nani ana muda wa Katiba wakati anataka kujua kama yeye ni lofa?

Kwa hiyo nenda mkutanoni na daftari. Gawa ukurasa katikati. Upande mmoja andika kila alichoahidi kufanya, kwa fedha ipi na lini. Upande wa pili andika kila alilosema kuhusu mwili, ukoo, dini au kabila la mwenzake. Upande wa pili ukijaa kwanza, funga daftari ukauze ndizi. Mgombea huyo amekuja mikono mitupu na ameona aibu kukuambia.

Hatua ya pili: Uliza kama neno limegusa tendo au kuzaliwa

Hiki ndicho kipimo kikuu. Mwongozo ukikupotea barabarani, ukumbuke huu mstari mmoja. Neno kali kuhusu alichokifanya mgombea lipokee, hata kama linauma. Neno kuhusu alivyozaliwa litupe, hata kama linachekesha.

Mfano upo. Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kutokana na sakata la mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond. Alipogombea urais mwaka 2015 kupitia Chadema, kumuuliza kuhusu Richmond, kwa sauti ya juu na bila kumbembeleza, kulikuwa wajibu wa kila raia. Hata kuuliza kama afya yake inatosha kwa kazi ile ni haki ya mpiga kura. Ila kampeni ile haikuishia kwenye swali. Watu waliigiza anavyotembea na kutetemeka ili umati ucheke, na upande wa pili mgombea wa CCM, John Magufuli, akapiga pushapu jukwaani. Tukapima urais kwa mikono na magoti. Maradhi hayana chama, na waliocheka wana wazazi wanaotetemeka nyumbani.

Ukitaka kujua nani anafaa kugombea, soma Ibara ya 39 ya Katiba. Inataka raia wa kuzaliwa, aliyefikisha miaka 40, mwanachama aliyependekezwa na chama chake, mwenye sifa za kuwa mbunge au mwakilishi, na asiyepatikana na hatia ya kukwepa kodi ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Basi. Tafuta humo kabila, dini, jinsia au upande wa Muungano. Hutavipata. Anayeviongeza jukwaani anaandika Katiba yake mwenyewe.

Mwaka 2015 Anna Mghwira alikuwa mwanamke pekee kati ya wagombea wanane wa urais. Alishika nafasi ya tatu, kisha akaja kuwa Mkuu wetu wa Mkoa hapa Kilimanjaro. Wangapi sokoni wanakumbuka alichoahidi, na wangapi walimaliza mjadala kwa kusema "mwanamke huyo"? Machi 2021, Dodoma, Samia Suluhu Hassan akimuaga mtangulizi wake, ilibidi awaambie wenye mashaka kwamba aliyesimama mbele yao ni Rais. Hakuna mwanamume aliyewahi kulazimika kutumia dakika za msiba kueleza jambo hilo. Rais huyo anastahili kuulizwa maswali makali kuhusu utawala wake, na nitayataja hapa chini. Ushungi wake na Uzanzibari wake si sehemu ya maswali hayo.

Wala usidhani ni ugonjwa wa maskini. Marekani, nchi yenye vyuo vya kila aina, mwaka 2011 ilimfikisha Barack Obama mahali pa kutoa cheti chake kirefu cha kuzaliwa, kwa sababu baba yake alitoka kwetu huku, Kenya, na kuna watu hawakuweza kulala.

Hatua ya tatu: Kataa chama kupewa kabila au dini

Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakataza kusajili chama cha kabila, dini au eneo. Wanasiasa wakagundua njia rahisi: huwezi kusajili chama cha kabila, lakini unaweza kumpachika mwenzako kabila kwa maneno. CUF wakaitwa chama cha Waislamu na Wapemba. Chadema, kwa kuwa mwanzilishi wake Edwin Mtei ni wa Marangu na Freeman Mbowe ni wa Machame, wakaitwa chama cha Wachagga.

Angalia mchezo unavyokwenda. Mwaka 2005 Mbowe aligombea urais, wakasema Uchagga. Mwaka 2010 akasimama Wilbrod Slaa wa Karatu, aliyewahi kuwa padri, minong'ono ikahamia kanisani. Mwaka 2020 akasimama Tundu Lissu wa Singida, na lebo ya ukaskazini haikubanduka. Maana yake ni kwamba lebo haikutafuta ukweli tangu mwanzo. Ilitafuta kumpa mpiga kura wa Mtwara au Kigoma sababu ya kutosikiliza.

Akikuambia mtu "chama chenu kile cha Wachagga" au "wale CCM wote mafisi", mjibu kwa swali moja: sera gani unaikataa, na kwa nini? Akishindwa, mnunulie soda, zungumzeni mpira.

Hatua ya nne: Anza na ubaguzi wa nyumbani

Sisi wa mlimani tunaumia tukisikia kwamba Mchagga akipewa Ikulu ataihamishia Moshi. Mwaka 1995 Augustino Mrema, mtoto wa Vunjo, alipogombea kupitia NCCR-Mageuzi, umati ulisukuma gari lake kwa mikono, akapata karibu asilimia 28 ya kura. Wapo waliomkataa kwa hoja, na hiyo ni haki yao. Wapo waliomkataa kwa sababu ya ukoo wake, na wengine hapa walimpenda kwa sababu hiyohiyo. Hawa wa mwisho nao walikosea, hata kama kosa lao lilikuwa na ngoma na mbege.

Tena tunajua kutukana. Asiyetoka mlimani tunamwita chasaka, hata akiwa daktari aliyetuzalishia dada zetu. Tukibaki wenyewe, Mmachame anamcheka Mkibosho, na wote wawili wana lao kuhusu Mrombo. Mwaka huohuo wa 1995 Mwalimu Nyerere alionya kwamba ubaguzi ni kama kula nyama ya mtu: ukishaionja, utaendelea kuila. Ukishasema sisi na wao, ukawafukuza wao, utageuka uone kwamba hata ndani ya "sisi" kuna wengine. Hiyo ni habari ya Kiboriloni kabisa. Anayekubali leo kwamba kabila fulani halifai kutawala, kesho ataambiwa ni upande gani wa mto usiofaa udiwani.

Basi kabla ya msimu wa kampeni, fagia kwako. Mkemee mwanao anayesema chasaka kwa sauti ileile unayomkemea anayekuita mwizi wewe.

Hatua ya tano: Binadamu akiitwa doa, toka mkutanoni

Matusi mengine ni ya kijinga tu. Wafuasi wa vyama kuitana nyumbu na buku saba kwenye WhatsApp kunachosha, na dawa yake ni kukaa kimya. Lakini kuna neno ambalo ukilisikia unatakiwa kuondoka na watu wako, siku hiyohiyo, na kumwambia aliyelisema kwamba amekupoteza.

Jirani zetu wa Kenya wameujua mpaka huo kwa gharama. Bonde la Ufa, watu wa makabila mengine waliitwa "madoadoa", na doa kazi yake ni kusafishwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Mwaka 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki ya kuepukwa kwenye kampeni, na madoadoa limo. Mtu akishaitwa doa, magugu au mdudu, mauaji yake yanakuwa yameombewa ruhusa tayari. Kutoka Kiboriloni hadi mpaka wa Holili ni safari fupi ya gari. Usijidanganye kwamba maneno hayavuki.

Hatua ya sita: Usikubali adabu iwekwe mahali pa haki

Hapa wengi huteleza. Wakichoshwa na matusi, wanatamani uchaguzi wa kimya. Wenye madaraka wanaijua hamu hiyo na wanajua kuitumia.

Oktoba 2020 kamati ya maadili ya Tume ya Uchaguzi ilimfungia Lissu kampeni kwa siku saba kwa kosa la lugha ya uchochezi. Aprili 12, 2025 vyama vilisaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Chadema, iliyokuwa ikidai mabadiliko ya mfumo wa uchaguzi kwanza, haikusaini, ikaondolewa kwenye uchaguzi. Lissu alikuwa rumande kwa kesi ya uhaini. Oktoba 29 tukapiga kura bila chama kikuu cha upinzani. Watu waliuawa, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje, kisha Tume ikatangaza ushindi wa karibu asilimia 98. Kanuni za adabu zilikuwepo, zimesainiwa, zina mihuri. Hazikumlinda mtu.

Kwa hiyo dai vyote viwili. Dai mgombea asitukane asili ya mtu, na dai mpinzani wake aruhusiwe kusimama palepale kesho yake aseme kwa ukali yaliyofanyika serikalini. Jukwaa la mtu mmoja mwenye maneno matamu ni tusi kubwa zaidi kwa mpiga kura kuliko neno lofa.

Hatua ya saba: Baada ya kura, rudi kwa jirani

Walioitana majina mwaka 2015 kwa ajili ya Lowassa walishangaa Machi 2019 aliporudi CCM, akapokewa kwa makofi. Mrema naye, mpinzani aliyesukumiwa gari, mwaka 2016 aliteuliwa na Magufuli kuongoza Bodi ya Parole. Wakubwa wana njia ya kurudiana. Wanaobaki na ugomvi ni wenye meza zinazopakana sokoni.

Wazee wetu waliacha jani la sale: aliyemkosea mwenzake hulipeleka akiomba msamaha, na anayeletewa hukumbushwa asiwe na moyo mgumu. Kama ulimwita jirani yako nyumbu, fisi au chasaka, usingoje uchaguzi mwingine. Nenda. Lakini sale ni la maneno yetu sisi kwa sisi. Aliyefiwa na mtoto kwa risasi haletewi jani aambiwe yameisha. Yeye anadai ukweli, jina la aliyefyatua, na mahakama. Sisi tuliobaki tuna deni la kusimama naye, awe wa kabila letu au la, awe alimpigia kura nani.