Nani Kala Mkaa?

Shangazi yangu haamini kemia, anaamini hesabu. Nyumbani kwake Temeke, kila kilichoingia ndani lazima kijulikane kilikoishia, iwe chenji ya vitunguu au kipande cha papa. Ndiyo maana siku alipozoa majivu ya jikoni, yote yakaenea kwenye kopo la maziwa, nyumba haikukalika.

"Limeingia debe la mkaa," alisema, kopo mkononi. "Limetoka kopo. Kilichobaki nani kakila?"

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa muuza mkaa, wa pili dada wa kazi, wa tatu mimi, kwa kuwa nilikuwa sekondari na nilionekana mtu wa kujua mambo. Nikajitetea kwa kemia. Mkaa, nikamwambia, sehemu kubwa ni kaboni. Ukiwaka, kaboni hushikana na oksijeni ya hewani. Hivyo viwili ndivyo vitendanishi. Zao lake ni kaboni dioksidi, hewa isiyoonekana wala kunusika. Gramu 12 za kaboni huchukua gramu 32 za oksijeni, zikatoka gramu 44 za kaboni dioksidi. Majivu ni yale madini ya mti yasiyoungua. Hakuna kilicholiwa, kimepitia dirishani.

"Kinapitia dirishani na wewe umekaa unakitazama?" Akaenda kulifunga.

Tukamkimbilia wote. Jiko la mkaa likikosa hewa ya kutosha, hutoa zao jingine: kaboni monoksidi, nayo haina rangi wala harufu, na waliolala nayo chumbani huenda wasiamke. Akalifungua, kwa sharti kwamba nimtajie mtu mzima mwenye akili zake aliyewahi kuyapima maneno haya.

Nikamtajia Antoine Lavoisier wa Paris. Huyo alichoma vitu ndani ya vyombo vilivyozibwa, akapima kabla na baada, akakuta uzito ni uleule. Tena, nikaongeza, alikuwa mshirika katika kampuni iliyomkusanyia mfalme kodi. Shangazi akalainika. Mtoza kodi hachezewi mizani.

"Yuko wapi siku hizi?"

"Walimkata kichwa, mwaka 1794."

"Kisa mkaa?"

"Kisa kodi, shangazi."

"Aa, hapo nimekuelewa."

Nilidhani kesi imekwisha. Kumbe usiku kucha alikuwa anapiga hesabu. Muuza mkaa alipopita asubuhi, hata salamu hakumaliza kuitoa.

"Sikiliza, baba. Katika kila kilo yako, mimi naongeza oksijeni kilo mbili na ushee. Ya kwangu, ya hapa hapa uani. Wewe unaleta kidogo, mimi natoa kingi, halafu pesa zote unachukua wewe? Punguza bei."

Muuza mkaa akatua debe, akajifuta jasho, akamtazama vizuri.

"Bi mkubwa, leo basi pikia hiyo oksijeni yako. Maharage yakiiva, nitakuja kununua kwako."