Bibi Harusi Bila Bwana
Kiwi, tunda lenye asili ya China ambalo mbegu zake zilifika New Zealand mwaka 1904, huota kwenye mmea mtambaazi, yaani unaopanda kwa kujizungusha kwenye nguzo, ambao huweza kufikia urefu wa mita 9. Hata hivyo, mkazi wa ghorofani jijini London huutengea chungu kimoja cha maua na roshani isiyotosha viti viwili. Kwa kuwa aina nyingi za mmea huo hutenganisha jinsia, maana yake maua ya kiume na ya kike huota kwenye mashina tofauti, mnunuzi wa shina moja la kike huwa ameleta bibi harusi bila bwana, kisha hungoja miaka akilaumu mbolea. Anayetaka tunda na aende sokoni. Anayetaka kivuli na aendelee kumwagilia.