Sifa Njema za Garanti

Katika mambo yote ambayo daktari wa Likasi, nchini Kongo, hulazimika kuyapanga anapokubaliwa kwenda Lubumbashi kusomea ubingwa, yaani ile miaka kadhaa ambayo daktari aliyekwisha kufuzu hurudi hospitalini kufanya kazi chini ya mabingwa ili naye awe mpasuaji au tabibu wa watoto, hakuna linalotukanwa kama garanti. Garanti ni fedha ambazo mpangaji humkabidhi mwenye nyumba kabla ya kupewa ufunguo, zikihesabiwa kwa miezi ya kodi, na ambazo hukaa kwake kama rehani mpaka siku ya kuhama. Wanaoilaani ni wengi mno, na watetezi wake hawajasikika, maana wenye nyumba, ambao ndio wangefaa kuisifu, wana shughuli ya kuitumia.

Fadhila yake ya kwanza ni elimu. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya shaba iliyoundwa mwaka 1906, ilimpa mfanyakazi nyumba pamoja na kazi, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 ilijenga makambi ambamo mtu aliishi na mke na watoto wake. Likasi, mji ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulikua kwa utaratibu huo, na Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi, iliuendeleza. Hivyo mtu aliweza kuzaliwa katika hospitali ya kampuni, akalelewa katika nyumba ya kampuni kule Panda au Shituru, na akafikia uzee bila kujua mwenye nyumba anafananaje. Ujinga huo ulianza kutibika kampuni ilipodhoofika, na tiba ikakolea wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoagwa katika mpango wa kuondoka kwa hiari ulioanza mwaka 2003. Wajukuu wa makambi, baadhi yao wakiwa madaktari leo, sasa wanalifahamu soko la nyumba kwa undani ambao babu zao hawakuuota.

Elimu hiyo ina upande wake wa sheria. Sheria Na. 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeiwekea garanti ya nyumba ya kuishi kikomo cha kodi ya miezi mitatu, na wako wenye nyumba wanaoiheshimu kama babu aliyelala sebuleni, kwa kumpita pembeni bila kumwamsha. Ikichukuliwa kwa mfano nyumba ya dola 100 kwa mwezi ambayo mwenyewe anadai garanti ya miezi sita, daktari atatoa dola 600, kisha dola 100 nyingine, sawa na kodi ya mwezi mmoja, kwa komisioneri, ambaye ni dalali wa nyumba na ambaye huenda alikwisha kupokea ada ya kuonyesha nyumba, hata zile zilizopangishwa jana. Hapo pazia halijanunuliwa, wala godoro halijapandishwa juu ya basi kwa safari ya kilomita 120 hivi nyuma ya malori ya shaba.

Tena garanti hunoa macho. Kodi mjini Lubumbashi hutajwa kwa dola za Marekani, na dola inayopokelewa Kongo ni lazima iwe nzima: noti yenye mchaniko mdogo ukingoni, hata usiofikia upana wa ukucha, hurudishwa kwa mwenyewe. Mwenye nyumba huzipokea moja moja, huzivuta pembe, huzipapasa kingo kwa kidole gumba, huziinua kwenye mwanga wa dirisha, kisha hutenga mbili kando bila kusema neno. Daktari aliyefundishwa kumkagua mgonjwa kutoka kichwani hadi miguuni hushuhudia hapo ukaguzi makini kuliko wowote aliopata kuuona wodini, na unafanywa na mtu ambaye hakusumbuliwa na masomo ya chuo kikuu.

Sifa kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni kwamba garanti ndiyo mtihani halisi wa kuingia ubingwani. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambacho kilifunguliwa mwaka 1956 mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville, kinaweza kupima anachokijua mtahiniwa kuhusu figo na ini, lakini hakina chombo cha kupima idadi ya wajomba zake. Garanti inacho. Daktari kijana anaweza kufanya kazi kwa muda mrefu akingojea mekanizasioni, yaani kuingizwa katika orodha ya mishahara ya serikali, na kwa hiyo fedha za kuhamia hutoka kwa shangazi, kwa kanisa, na kwa likelemba, chama cha kuchangishana kwa zamu ambacho Watanzania hukiita upatu. Asiye na ukoo wa namna hiyo hubaki Likasi akizalisha na kupasua bila cheti cha ubingwa, na taifa huwa limeepushwa na bingwa mwenye wajomba wachache.

Watu husema garanti hairudi. Huo ni uzushi, kwa kuwa hurudi kwa njia ya kuliwa: mwenye nyumba alikwisha kuigeuza mabati na saruji, basi mpangaji anayehama huacha kulipa kodi ya miezi ya mwisho na kuishi kwa fedha zake mwenyewe, jambo linaloitwa kula garanti. Ugumu pekee ni kwamba masomo ya Lubumbashi hayamsubiri mlaji ashibe. Daktari aliyeitwa ghafla hujikuta na garanti mpya anayoilipia Katuba, mjini Lubumbashi, na ya zamani isiyomalizika Likasi, na kwa kuwa hawezi kulala miji miwili usiku mmoja, mdogo wake hutumwa kwenye nyumba ile tupu, na mkeka na sufuria moja, kwenda kula miezi iliyobaki kwa niaba yake. Siku ya kurudisha ufunguo mwenye nyumba hupita chumba kwa chumba, huona tundu la msumari uliokuwa umetundikiwa kalenda, na kumwambia kijana ampigie simu kaka yake, kwani kuna fedha za rangi.