Kitasa Kimoja

Jirani, unaijua ile fekta ya bunduki hapa kwetu Ruiru? Uhuru Kenyatta aliifungua Aprili 2021. Shilingi bilioni 4. Walisema ina uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka. Nimepiga hesabu, ni kama 33 kila siku, na Jumapili nimeiweka. Sasa bunduki ina springi. Ina pini. Ina vidude kibao vya kukwama. Na watu wanaziunganisha, wanaenda zao kula lanchi.

Mimi nimeshindwa na kitasa cha mlango.

Ulimi uligoma kutoka. Mama watoto akasema tuite fundi. Fundi wa nini? Bisibisi ninayo. Ni ya kuazima, lakini ninayo. Nikakifungua hapo mezani. Kifuniko kutoka tu, springi ikaruka, ikagonga balbu, ikaingia chini ya kochi. Nikatambaa. Watoto wakaleta na wenzao waje waone. Nikaitoa na vumbi lake, nikairudisha, ikakataa. Nikasukuma na kidole, kidole kikabanwa. Nikatia mafuta ya kupikia. Ulimi haukutoka, ila nyumba yote ikanukia chapati. Nikachukua nyundo.

Ya nyundo usiniulize.

Keateka akapanda ngazi mbio. "Baba, kuna amani?" Akaangalia meza, akaangalia kidole, akauliza kama fekta imefungua tawi. Tangu hapo ploti nzima inaniita Afande.

Asubuhi nikatia vipande kwa mkebe, nikadandia matatu ya Thika. Mlango nimeufunga na kamba ya viatu, mama watoto anaulinda na mwiko. Konda akasikia mkebe ukilia, akasema huo ni mzigo, nilipie. Nikalipa. Huko Makongeni nikapata kijana wa jua kali, hata ndevu hana. Akageuza springi, akabonyeza pini na ukucha. Tak! Ulimi huo nje.

"Mzee, ulikuwa umeiweka kinyume. Leta soo tatu."

Soo tatu za ukucha! Nikamwambia nilijua, nilitaka tu mtu wa pili athibitishe. Akaniangalia kwa huruma. Afadhali angecheka.

Na unajua Sheria ya Silaha, Sura ya 114? Huruhusiwi kuunda wala kutengeneza bunduki hivi hivi kwako nyumbani, mpaka uandikishwe kuwa dila wa silaha. Miaka yote nilidhani waliandika hiyo kwa ajili ya majambazi. Wapi! Walikuwa wamenifikiria mimi. Serikali ilijua kuna mtu ataketi sebuleni na mafuta ya kupikia, aanze kupiga kitu asichokijua na nyundo.

Kwa hivyo Mheshimiwa wetu wa Ruiru, ukienda Bungeni, tafadhali waongeze na vitasa. Na ufanye haraka, maana jiko la gesi limekataa kushika moto, na ile bisibisi bado sijairudisha.