Waraka wa Wazi kwa Shemeji Anayetaka Pikapu Kubwa

Shemeji mpendwa,

Naomba radhi kwa kukuandikia mbele za watu. Namba yako ya simu ninayo. Ila lile ulilotutangazia kwenye harambee, kwamba mwezi ujao unachukua F-150 mpya ya milango minne kwa mkopo wa miezi 84, nimeshalisikia kwa mashemeji wengi hapa Texas, na sababu mnazotoa ni zile zile. Jibu langu ni lenu nyote. Wewe kwa kuwa ndiye mkubwa wao, umepewa heshima ya kutajwa kwanza.

Ulipoulizwa kwa nini usichukue pikapu ya kati, Ranger au Tacoma, ulisema hizo ni za wanafunzi. Mimi napaka rangi nyumba za watu, na riziki yangu inabebwa na hiyo ya wanafunzi kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi: ngazi, ndoo, mashine ya kupulizia rangi, na tela nyuma kazi ikiwa kubwa. Kwa hiyo neno lako nimelipokea, na sasa naomba na wewe upokee langu. Wewe ni muuguzi, unapima dawa za wagonjwa kwa mililita na hukosei. Gari la kukukata mshahara miaka saba hukulipima hata kwa futi.

Nianze na yale yanayokupa haki. Mafuta kwanza. Watu wa pikapu za kati tumezoea kujisifu kwa mafuta, na sifa yenyewe ni nyembamba. Ranger ya mwaka 2024 ya fobaifo huenda karibu maili 22 kwa galoni. F-150 yenye injini ya V6 ya lita 2.7 huenda karibu 20. Ukiendesha maili 12,000 kwa mwaka, tofauti yake ni galoni 55 hivi. Hizo hazikufilisi wala hazinitajirishi. Anayekwambia uchukue ya kati kwa ajili ya mafuta tu hajashika kalamu.

Kuvuta nako, kubwa haina mpinzani. Ranger hiyo ikifungwa vifaa vyake huvuta paundi 7,500, yaani kama tani tatu na nusu. F-150 iliyoandaliwa kwa kazi hiyo hufika 13,500, zaidi ya tani sita. Ndugu zetu wanaovuta ng'ombe, matrekta madogo, au tela za magari kutoka mnadani, hao wananunua chombo cha kazi yao, na waraka huu hauwahusu. Wewe, shemeji, tangu nikufahamu sijakuona ukivuta kitu. Nimekuona ukibeba mkaa, meza za kukunja, sufuria za pilau na viti vya kanisa, na hivyo vyote vilienea kwenye gari la dada.

Sasa bei, maana hapo ndipo wauzaji wanapowakamata. Mwaka 2024 Ranger ilianzia karibu dola 33,000, na F-150 karibu 37,000. Muuzaji anakuonyesha tofauti ya dola 4,000 na kukuuliza kama kweli utaacha gari zima kwa pesa hiyo. Asichokwambia ni kwamba hiyo F-150 ya 37,000 ina milango miwili na kiti kimoja kirefu. Ranger ya mwaka huo, hata ya bei ya chini kabisa, ilikuwa na milango minne, kwa sababu hapa Marekani haikuuzwa kwa namna nyingine. Una watoto watatu. Kwa hiyo unapanda kwenye ya milango minne, kisha ya viti vya ngozi, kisha ya paa la kioo, na ukija kushuka uko kwenye dola 60,000, ukiamini kwamba uliongeza 4,000.

Tuzichukue hizo 60,000. Kwa riba ya asilimia 8 kwa miezi 84, utalipa karibu dola 935 kila mwezi. Riba peke yake inapita dola 18,500. Pikapu ya kati iliyojitosheleza kwa dola 40,000, riba hiyo hiyo, ukiilipa kwa miezi 60, ni karibu dola 811 kwa mwezi na riba isiyofika 8,700. Unalipa pungufu kila mwezi, na bado unamaliza miaka miwili mapema. Miaka miwili hiyo ndiyo ambayo binti yako mkubwa atakuwa chuoni. Nimeitaja kwa sababu ada yake umeshaanza kutuambia tujiandae kuichangia, na tutaichangia kwa moyo wote, ila ni haki yetu kuuliza pesa zimekwenda wapi.

Ulisema pia kwamba ya kati haibebi plaiwudi. Hapo umeingia nyumbani kwangu. Plaiwudi ya hapa ni inchi 48 kwa 96. Kwenye pikapu za kati za zamani, nafasi baina ya matao ya magurudumu ilikuwa kama inchi 44, kwa hiyo tulitandika mbao mbili juu ya matao, kisha plaiwudi ikalala juu ya mbao. Ranger iliyotoka 2024 walipanua nafasi hiyo ikawa inchi 48.2. Nimeuona ubao ukishuka pale: unaingia ukiyagusa matao kama mtu anayepita kwenye mlango na beseni kichwani, lakini unalala chini kabisa, bapa. Urefu ndio hautoshi, maana bodi yake ni futi 5, kwa hiyo mlango wa nyuma unaachwa wazi na kitambaa chekundu kinafungwa. Na F-150 uliyoichagua wewe? Bodi yake ni futi 5 na nusu. Kitambaa chekundu utafunga vilevile. Dola 20,000 za ziada zimekununulia nusu futi ya bodi. Ukitaka ya futi 6 na nusu yenye milango minne ipo, lakini gari linapita mita 6, na hilo ndilo nililotaka tulizungumze kwa utulivu.

F-150 yako ina urefu wa mita 5.88. Ranger ni mita 5.35. Mstari wa kawaida wa maegesho hapa ni futi 18, kama mita 5.5. Moja inaingia, nyingine inabakiza pua au mkia njiani. Hili utaliona kila siku hospitalini kwako, kwenye jengo la kuegesha magari, saa moja asubuhi, ukitafuta nafasi ya mwisho ghorofani huku zamu inakungoja. Gereji yenu naijua kwa sababu niliipaka rangi mimi. Ina friji la akiba upande wa ndani, baiskeli za watoto na mashine ya majani. Pikapu hiyo itaegeshwa nje, juani na kwenye mvua ya mawe ya Texas, na unajua bima inasemaje juu ya mvua ya mawe.

Halafu boneti. Mashemeji, hapa naomba msinicheke. Taasisi ya bima inayochunguza usalama barabarani hapa Marekani, IIHS, ilitoa utafiti Novemba 2023: magari ambayo boneti yake inapita inchi 40, yaani kama mita moja, yakigonga mwenda kwa miguu yana uwezekano wa kumuua ulio juu kwa karibu asilimia 45 kuliko magari yenye boneti ya inchi 30 au chini iliyoinamia mbele. Mwaka 2022 waenda kwa miguu zaidi ya 7,500 walikufa kwenye barabara za nchi hii, idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote tangu 1981. Mambo mengi yamechangia, barabara pana zisizo na njia ya miguu mojawapo. Lakini boneti ndiyo sehemu unayoichagua wewe mwenyewe, kwa sahihi yako.

Sitadai kwamba pikapu ya kati ni salama kama gari dogo. Boneti zake nazo zimepanda mwaka hata mwaka, na mimi nalalamika. Tofauti ni ya kiasi, ila kiasi hicho nimekiona kwa macho. Katika mtaa wenu watoto wanashuka kwenye mabasi ya shule saa tisa na nusu na kukatiza mbele ya magari yaliyosimama. Mtoto wa miaka mitano ana urefu wa mita moja na kitu. Wa kwako wa mwisho ana miaka minne.

Najua utasema lawama si yako, kwamba wenye viwanda ndio wametuletea magari haya. Kwa hilo tuko pamoja, na waungwana wa Detroit nao wasikie. Mwaka 1964 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu zinazotoka nje, kulipiza ushuru ambao nchi za Ulaya ziliweka kwa kuku wa Marekani. Ugomvi wa kuku ulikwisha, ushuru ukabaki. Hiyo ni sababu mojawapo ya Hilux tunayoijua nyumbani kutouzwa hapa. Mwaka 2011 Ford wakaacha kabisa kutengeneza Ranger hapa, wakati dunia nzima, Afrika ya Kusini ikiwamo, ilikuwa inapata Ranger mpya. Wamarekani waliitazama kwa mbali hadi 2019. Miaka yote hiyo mnunuzi wa hapa alielekezwa kwenye kubwa, yenye faida kubwa zaidi kwa muuzaji, kisha akaambiwa hilo ndilo chaguo lake. Shemeji, sisi tulikuja tukiwa watu wazima. Hatukuzaliwa ndani ya mazoea hayo, na hatulazimiki kuyarithi.

Nyumbani pikapu ya kati haijawahi kuitwa ya wanafunzi. Hilux na D-Max ndizo zinazopandisha saruji milimani, kushusha maziwa alfajiri na kuwafikisha wauguzi wenzako kwenye zahanati ambako lami haijafika. Na ule mpango wako wa kustaafu Kisumu na F-150 yako, ufute leo. Kenya haisajili gari la kawaida lenye usukani wa kushoto, na gari lililotumika likipita miaka minane halipokelewi. Hapo hata Ranger ya hapa haitakufaa. Utauza utakachokuwa nacho na kununua Hilux kule kule, na kinachouzwa kikiwa na deni hakijengi nyumba.

Kama kuna siku utahitaji kubwa, maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi hapa hukodisha kwa saa. Nimefanya hivyo kubeba jiwe la kaunta, nikairudisha mchana.

Ombi langu ni dogo. Usiweke sahihi kabla ya kwenda dukani na tepu ya kupimia na ndoo yangu ya galoni tano. Ndoo tutaiweka juu ya kigoda, ifike mita moja na kitu, mbele ya bampa. Wewe utakaa kwenye usukani wa F-150, mimi nitairudisha ndoo nyuma hatua kwa hatua mpaka uione. Tutapima. Kisha tutafanya vivyo hivyo kwa Ranger na Tacoma, na muuzaji asimame pale aone. Ukimaliza, ukachagua kubwa ukiwa umezijua futi zake, nitanyamaza na nitakuja kuiosha nawe. Jumamosi hii sina kazi baada ya saa nne. Dada nimeshamwambia, naye amesema atakuja.

Wasalaam,
Shemeji yako, fundi rangi