Mgonjwa wa Tangu 1967

Tarehe 12 Januari 1967, huko California, profesa wa saikolojia James Bedford alifariki kwa saratani akiwa na miaka 73, akagandishwa kwa matumaini ya kuja kuamshwa siku moja. Mpaka leo hajazikwa. Sasa yuko Scottsdale, Arizona, mji wa jangwani ambako watu wazima hulilia kiyoyozi, ndani ya tangi la naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Wenyeji wake, taasisi ya kugandisha miili iitwayo Alcor, hawataki kusikia neno marehemu. Ni mgonjwa. Na wagonjwa wao ni watulivu ajabu: hawalalamikii uji, hawaulizi daktari atapita saa ngapi, tena huwekwa kichwa chini miguu juu kama popo, ili naitrojeni ikipungua, ianze kuyeyuka miguu na ubongo uwe wa mwisho.

Bei nayo ina matabaka yake. Mwili mzima hupita dola 200,000. Mwenye mfuko mwepesi hugandisha kichwa peke yake, dola 80,000. Kiwiliwili atatafuta huko mbele ya safari. Wengi hulipia kwa bima ya maisha. Yaani kampuni ya bima inatoa fedha kwa kuwa umekufa, na fedha hizo hizo zinapokewa na watu wanaoapa kwamba hujafa.

Lakini kule Chatsworth, California, miaka ya 1970, fedha za naitrojeni za wagandishaji wengine zilikatika, maiti tisa zikayeyuka na kuoza. Samahani, wagonjwa tisa.